Somo: Bandika maelezo kwenye mashine, uyasome kwa kamera ya simu (AR.js)

Wakuu, inbox imejaa swali lile lile, namna ya kufanya maelezo ya mashine yaonekane kwenye kamera ya simu, kwa hiyo naliweka hapa. Atakayeuliza tena nampa linki hii.

Unaelekeza simu kwenye jenereta, maandishi yanaelea juu yake: aina ya oili, tarehe ya sevisi. AR.js ni ya bure na inaishi ndani ya kivinjari, hakuna app ya kupakua.

1. Kwenye faili la HTML, ita A-Frame (maktaba ya kutengeneza 3D kwenye ukurasa wa wavuti) kwanza, AR.js baadaye.
2. Weka a-marker (alama ambayo kamera itaitafuta) yenye preset="hiro", yaani alama ya kawaida ya AR.js, na ndani yake a-text, yaani maandishi yako.
3. Pandisha faili GitHub Pages (huduma ya bure ya kuweka tovuti). Bila https kivinjari hakitoi kamera.
4. Chapisha alama ya Hiro, ile picha ya mraba yenye fremu nyeusi, uibandike kwenye mashine. Hapa ndipo wengi wanakwama, kisha wanalaumu msimbo (code). Programu huanza kwa kutafuta fremu nyeusi, na fremu hiyo huonekana kwa sababu imezungukwa na weupe. Ukikata karatasi hadi ukingoni mwa weusi, ukaibandika kwenye bodi nyeusi, umeificha mwenyewe. Acha weupe pande zote nne. USIIPIGE laminesheni ya kung'aa: taa ya karakana ikiimulika, kipande cha fremu kinageuka cheupe na maandishi yanarukaruka. Usiizungushe kwenye bomba pia. Inataka sehemu bapa.
5. Fungua linki, ruhusu kamera.

MASWALI

– Mkuu kwangu giza tupu.
– Hatua ya 3.

– https ninayo, bado giza.
– Basi ulikataa ruhusa ya kamera. Mipangilio ya kivinjari, irudishe. Kama linki imefungukia ndani ya Facebook, ihamishie Chrome.

– Nina mashine 12. Hiro zote si zitaonyesha kitu kimoja?
– Umewaza mbali. Kwenye a-marker tumia type="barcode", kila mashine na value (namba) yake. Alama za 3x3 (za miraba 3 kwa 3) zipo 64, ila kamera huzichanganya. Chukua 3x3_PARITY65: zipo 32, zinakutosha, na makosa hupungua. Kwenye a-scene (lebo inayobeba ukurasa wote wa AR), ndani ya arjs, andika detectionMode: mono_and_matrix na matrixCodeType: 3x3_PARITY65, la sivyo alama hazisomwi ipasavyo.

– Yote haya ya nini, QR si ipo?
– Kama unataka kufungua ukurasa tu, tumia QR. Kampuni ya Kijapani ya Denso Wave waliibuni 1994 kufuatilia vipuri vya magari, na kazi hiyo inaiweza. Mimi nataka mshale ukae juu ya bolti yenyewe.

– Karatasi zangu zinaloa oili ndani ya wiki.
– Nenda kwa wanaochapisha stika za magari, waambie vinyl isiyong'aa. Na ifute bodi kwa spiriti kabla ya kubandika.