Namna ya Kuhakiki Filamu ya Hivi Hivi

Filamu mbovu kabisa haimsumbui mhakiki, kwa kuwa watu wakicheka mahali palipokusudiwa kuliza, maneno ya kuandika huja yenyewe. Filamu bora nayo ina wasemaji wengi. Kazi ngumu iko katikati, kwenye ile filamu ambayo mtu akikuuliza ilikuwaje unamjibu kwamba si mbaya, kisha huna la kuongeza. Filamu za namna hiyo ndizo nyingi, ziwe zimetoka Marekani, India, Nigeria au hapa hapa Dar es Salaam, na kwa maoni yangu ndizo zinazohitaji mhakiki kuliko nyingine zote, kwa sababu ndani yake mara nyingi mna kazi nzuri ya mtu mmoja iliyofunikwa na uzembe wa mwingine, au wazo zuri lililoishiwa nguvu njiani. Maelezo haya yamekusudiwa kwa mtu anayetaka kuandika jambo la maana juu ya filamu hiyo, iwe gazetini, kwenye ukurasa wake wa mtandaoni au katika kundi la marafiki kwenye simu.

Kabla ya yote, jiulize ni kitu gani hasa ulichokitazama. Katika jiji hili filamu moja humfikia mtazamaji kwa njia nyingi: mmoja ameiona Mlimani City kwenye pazia kubwa, wa pili ameipata kwenye king'amuzi, wa tatu amejaziwa kwenye flashi katika kibanda cha Kariakoo, na wa nne ameikuta banda umiza huko Mbagala, amebanana na wenzake kwenye benchi la mbao huku feni ikishindana na spika. Nakala iliyorekodiwa kwa kificho ndani ya ukumbi huwa imepauka rangi, sauti yake imefifia, na mara vichwa vya watu wanaokwenda msalani hukatiza mbele ya picha. Aliyetazama nakala ya aina hiyo hana haki ya kuandika neno lolote kuhusu mwanga wala sauti ya filamu. Ukitaka uhakiki wako usomwe kwa uzito, tafuta nakala halali. Ni haki ya waliotengeneza, na pia ndiyo njia pekee ya kujua kama giza unaloliona limetoka kwa mpigapicha au kwa mwizi.

Uangalifu wa pekee unahitajika kwa filamu za kigeni zilizotafsiriwa na madijei, yaani wasimuliaji wanaoingiza sauti zao za Kiswahili. Msimuliaji huzungumza juu ya sauti za waigizaji, humpa steringi, yaani shujaa wa filamu, jina la mtaani, huchomeka utani wa Manzese katikati ya mapigano ya Hong Kong, na anapoona simulizi imelala huiamsha kwa maneno yake mwenyewe. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa sanaa kamili, na baadhi ya filamu dhaifu nimezifurahia kwa sababu yake tu. Hata hivyo mhakiki ajue kwamba hapo ametazama kazi mbili zilizopandana. Akisifu mazungumzo, huenda anamsifu dijei. Akilaumu kwamba hadithi inapiga kelele mno, huenda anamlaumu mwongozaji kwa kosa lisilo lake. Tazama ya asili, hata kama ni kwa msaada wa maandishi ya chini ya picha, ndipo uandike.

Jambo la pili la kupima ni matarajio uliyoingia nayo. Kionjo cha filamu, yaani trela, hutengenezwa ili kuuza tiketi, na si ajabu kukuta dakika zake mbili zimebeba vichekesho vyote vitano vya filamu nzima, au kuifanya hadithi ya ndoa ionekane kama ya ujambazi. Ukikatishwa tamaa kwa sababu kionjo kilikuahidi kitu kingine, useme hivyo waziwazi, lakini usiihukumu filamu kwa ahadi iliyotolewa na idara ya mauzo. Hali inafanana kwa filamu zinazotokana na vitabu. Mwongozaji Amil Shivji alipoitoa Vuta N'kuvute mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, wasomaji wa riwaya hiyo walikuwa tayari wanaye Yasmin wao, mhusika mkuu, kichwani, mwenye sura na sauti waliyompa wenyewe walipokuwa wakisoma. Mtazamaji wa namna hiyo hulinganisha filamu na filamu nyingine ambayo haikupigwa kamwe. Kuna swali moja linalosaidia: je, kama nisingejua lolote, sehemu hii bado ingenichosha?

Kuhusu alama za mitandaoni, ni vizuri kujua zinavyopatikana kabla ya kuziegemea. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, haielezi filamu ni nzuri kiasi gani. Inaeleza ni wahakiki wangapi kati ya mia walioipendelea. Wahakiki kumi wakiipa filamu alama 6 kati ya 10, na uhakiki wa kila mmoja ukahesabiwa kuwa wa kupendelea, filamu hiyo inapata asilimia 100, ilhali hakuna hata mmoja aliyesisimka. Filamu nyingine iliyopendwa mno na watano na kuchukiwa mno na watano itapata asilimia 50, na huenda hiyo ndiyo yenye kitu cha kuzungumzia. Tovuti ya Metacritic hufanya hesabu ya wastani wa alama za wahakiki, na kwa sababu hiyo huionesha filamu ya hivi hivi kwa uaminifu zaidi. Tovuti ya IMDb hutegemea kura za watazamaji wenyewe, na filamu ambayo imepata wapiga kura wachache inaweza kupandishwa na ndugu na jamaa wa waigizaji. Soma alama hizo baada ya kuandika rasimu yako.

Sasa tuingie kwenye kutazama kwenyewe, ambako ndiko penye kazi. Mara ya kwanza itazame filamu kama mtu mwingine yeyote, bila daftari, lakini weka akilini mahali ulipotazama saa kwa mara ya kwanza, au ulipopata hamu ya kugusa simu. Ukishatoka, kabla hujazungumza na mtu, andika ni tukio lipi lilikuwa linaendelea wakati huo. Mhakiki mgeni huishia hapo: anaandika kwamba tukio fulani limerefushwa. Mara chache ndiyo sababu. Paa la bati likivuja, maji hudondokea mbali na tundu lilipo, na uchovu wa mtazamaji nao huonekana mbali na kosa lililouzaa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Rehema ni binti wa nyumba ya urithi iliyopo Magomeni, na baba zake wadogo wanataka kuiuza. Dakika za mwanzo tunaoneshwa uwanja, tunaoneshwa bibi akichambua mchele kwenye ungo, tunaoneshwa dalali akipima kuta kwa macho. Saa nzima baadaye kuna kikao cha ukoo. Watu wanapaza sauti, muziki umepanda, Rehema analia, nawe unatazama saa. Rudi nyuma uulize: je, filamu imekwisha kutueleza Rehema atapoteza nini nyumba ikiuzwa? Anafanya kazi Posta, amepanga chumba Kinyerezi, na ndani ya nyumba ya Magomeni hakuna kitu tulichoonyeshwa kuwa ni chake. Laiti kungekuwa na tukio fupi, mwanzoni, akikifunga kile chumba alichofia mama yake na kuutia ufunguo ndani ya pochi bila kusema neno, kikao kingebeba uzito hata kama kingekuwa kirefu maradufu. Kwa hiyo kikao hakina kosa, kosa liko dakika ya kumi. Uhakiki unaoliona hilo unamsaidia msomaji, na unaweza hata kumsaidia mtunzi wa mswada, wakati ule unaosema kwamba filamu inachosha haumfai yeyote.

Ukishapata mahali lilipo tundu, tafuta ni idara gani inayohusika. Ukiwa nyumbani unaweza kufanya majaribio mawili mepesi. Rudia tukio ukiwa umezima sauti: ukiweza kufuata nani anamtaka nani na nani anamwogopa nani, basi mwongozaji amefanya kazi yake na udhaifu uko kwenye maneno. Kisha lirudie ukiwa umefumba macho: maneno yakisimama yenyewe kama mchezo wa redio, tatizo liko kwenye picha, aghalabu ni kamera iliyosimikwa mahali pamoja mbele ya sofa. Pasipo majaribio kama hayo, lawama zote humwangukia mwigizaji, kwa kuwa sura yake ndiyo inayoonekana.

Filamu za hapa kwetu zina udhaifu wake unaojirudia, na mhakiki wa Dar es Salaam ana wajibu wa kujua umetoka wapi badala ya kuudhihaki tu. Kila mtazamaji wa Bongo muvi analijua tukio la geti. Gari linapiga honi, mlinzi anatoka taratibu, geti linafunguliwa upande mmoja kisha wa pili, gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi barazani, anakaribishwa, anaulizwa atakunywa nini, na juisi inaletwa kwenye sinia. Ndipo anasema neno moja ambalo angeweza kulisema kwa simu. Uvivu si maelezo yanayotosha. Wakati biashara ya DVD ilipokuwa na nguvu Kariakoo, hadithi moja kwa kawaida iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja ikiuzwa peke yake, na kwa hiyo kuirefusha hadithi kulikuwa na malipo. Soko lile limeporomoka, waigizaji wengi wamehamia kwenye tamthilia za televisheni, na huko nako kuna muda wa kujaza kila wiki, hivyo mazoea yamebaki. Ukieleza hayo kwa sentensi mbili, msomaji ataelewa kwa nini filamu ya saa mbili ina hadithi ya dakika hamsini.

Sauti ni kasoro nyingine ambayo watu huihisi bila kuitaja. Nyumba ya vigae na kuta tupu, iliyokodiwa kwa ajili ya kupigia picha, hurudisha mwangwi. Kipaza sauti kilichopachikwa juu ya kamera hunasa jenereta la jirani, bodaboda inayopita na feni ya darini kwa nguvu ileile inayonasa maneno ya mwigizaji. Na kila picha inapobadilika, kelele za nyuma nazo hubadilika ghafla. Mtazamaji hatasema kuwa sauti ni mbaya. Atasema kwamba waigizaji hawaaminiki, na atakuwa amemwonea mtu asiye na hatia. Msikilize mwigizaji tena katika tukio lililopigwa nje, mahali palipotulia, kabla hujamhukumu.

Uzipime filamu kwa mizani ya aina yake. Mtu anayehesabu nyimbo katika filamu ya Kihindi kuwa ni ucheleweshaji hajajua anatazama nini, kwani wimbo huko ni sehemu ya usimulizi, na swali linalofaa ni kama wimbo umewabadilisha wahusika au umewaacha walipokuwa. Katika filamu ya mapigano, steringi kutokufa si kosa. Kosa ni pale tunapojua hatakufa na filamu haikututafutia jambo jingine la kumhofia.

Katika kuandika, taja kiini cha hukumu yako mapema, ndani ya aya ya kwanza, halafu mpe msomaji ushahidi. Epuka maneno yanayoweza kubandikwa kwenye filamu yoyote, kama vile "imechezwa vizuri" au "hadithi haina mvuto". Badala ya kuandika kwamba mwigizaji mkuu amejitahidi, andika kwamba anaposomewa barua ya talaka anaendelea kukunja kanga, na kwamba mikono yake inasema zaidi ya hotuba aliyoandikiwa baadaye. Filamu ya hivi hivi karibu kila mara ina tukio moja la namna hiyo, na ukilitaja umemtendea haki aliyelifanya. Usifichue mwisho, hata filamu dhaifu ina haki ya kutunziwa siri yake. Usitumie umaarufu wa mwigizaji, ndoa yake au mavazi yake kama hoja.

Nyota tatu kati ya tano ni maficho ya mhakiki. Ukilazimika kuzitoa, ziambatanishe na shauri la matumizi: kwa mfano, kwamba filamu inafaa Jumapili jioni kwa mtu ambaye king'amuzi chake kimekwisha kulipiwa, lakini haistahili daladala mbili na kiingilio, au kwamba wapenzi wa mwigizaji fulani waione kwa ajili ya nusu saa ya kwanza. Msomaji wa Gongo la Mboto anayepanga matumizi ya mwisho wa wiki anahitaji shauri hilo kuliko nyota.

Baada ya kuchapisha, mwongozaji anaweza kukutafuta, kwa sababu mji huu ni mdogo kwa watu wa fani moja. Akikuonesha kwamba umekosea jambo la hakika, kama jina la mhariri au mpangilio wa matukio, sahihisha palepale ulipochapisha, ukieleza ulichobadilisha. Akitaka ubadili maoni, mwombe akuambie ni tukio lipi analoona umelisoma vibaya, ulitazame tena, na kama bado unaliona ulivyoliona, liache lilivyo.