Vifaa vya safari ya kwanza ya kuvua kwa fimbo: funga mzigo kwa ajili ya nguru

Swali huja kila mwaka upepo wa kusi ukianza kulegea: "Nahodha, nakuja Watamu, pwani ya Kenya, ni mara yangu ya kwanza kwenda kuvua. Nibebe nini?" Ukimuuliza anataka kuvua nini, atakutajia nduwaro, yule samaki mkubwa mwenye pua kama mkuki, aliyemwona kwenye picha. Kisha siku ya siku anafika na begi lisilobebeka: rili (gurudumu la kukunjia mshipi wa kuvulia) kubwa kama sufuria, fimbo ya futi tisa isiyo na pa kulala kwenye boti, na kopo zima la ndoana za papa.

Boti yangu ni ya faiba, futi 19, mashine moja. Nimeona vitu vingi vikivunjika humo, na vingi vilikuwa vya bei ghali. Ushauri wangu kwa safari ya kwanza ni huu: funga mzigo kwa ajili ya nguru. Ndiye utakayekutana naye kandokando ya mwamba, ana mbio na ana meno. Vifaa vinavyomtosha nguru vinamtosha fulusi, sehewa na kolekole wa wastani. Hata sulisuli, yule mwenye tanga mgongoni, atakuja navyo, ukiwa na subira na nahodha anayejua kumfuata kwa boti. Nduwaro waachie wenye boti kubwa.

Hatua ya 1: Tazama kalenda kabla ya kufungua pochi

Huku kwetu msimu unaanza Agosti. Jodari hupita sana Agosti hadi Oktoba, sulisuli hushamiri Novemba hadi Januari, na kaskazi ikishatulia, Februari na Machi, bahari huwa shwari na kiboti kidogo kinaweza kusogea mbali kidogo. Mei hadi Julai kaa nyumbani uoshe rili.

Jambo la pili: Hifadhi ya Bahari ya Watamu ipo tangu 1968, na ndani yake havuliwi samaki. Ndoana zote hubaki ndani ya boti mpaka nahodha aseme tumepita mpaka. Leseni ya uvuvi wa fimbo nayo ulizia kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 2: Fimbo tatu, basi

Mbili za kukokotea chambo nyuma ya boti, fupi, futi tano na nusu hadi sita. Moja ya kurushia, futi saba. Kwenye boti ndogo watu wamekaa magoti kwa magoti, kwa hiyo fimbo ndefu itamtoboa mtu jicho kabla haijagusa samaki.

Dukani usiitikise hewani kama wanavyofanya wengi. Mwombe muuzaji ashike ncha, wewe shika mpini, mvutane taratibu. Fimbo nzuri hupinda ncha kwanza, halafu ikakaza kuelekea katikati. Kisha pitisha pamba kidogo ndani ya kila pete ya fimbo. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakula mshipi wako siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Rili na mshipi

Fedha zako nyingi ziende hapa. Fimbo ya bei nafuu inaweza kukuvusha, lakini rili ya bei nafuu itakuaibisha, kwa sababu ndiyo yenye breki.

Kwa fimbo za kukokotea chukua rili za ngoma zinazobeba angalau mita 300 za nailoni ya kilo 24. Dukani wataiita ya ratili 50. Kwa fimbo ya kurushia, rili ya pembeni yenye mshipi wa kusuka wa kilo 15, yaani ratili 30, nayo mita 300. Mshipi wa kusuka ni mwembamba sana kwa nguvu yake, ndiyo maana unaenda mbali ukiurusha. Ila haunyumbuki kama nailoni, na ukikupitia kidoleni samaki akiwa anakimbia utakukata mpaka ndani. Usiushike kwa mkono mtupu hata siku moja.

Nailoni nunua mpya. Mwaka mmoja nilijiona mjanja nikatumia iliyokuwa imekaa dirishani misimu miwili, jua likiipiga kila alasiri. Kwa macho ilikuwa nzima. Nguru wa kwanza aliichukua kama uzi wa buibui, na wa pili vivyo hivyo. Mzee niliyekuwa naye hakusema kitu. Alivuta kipande cha pima moja, akakizungusha mkononi mara mbili, akakikata kwa kukivuta tu, akaniangalia.

Hatua ya 4: Pima breki kwa dumu la maji

Hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza samaki, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Binamu yangu alikuja kutoka Nairobi, tukatoka alfajiri, tukapata mkamato wa kwanza hata jua halijawa kali. Rili haikulia. Fimbo ilipinda tu mpaka ncha ikagusa maji.

"Kaka, breki umeikaza mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Sitaki atoroke."

Nikasikia mlio kama mlango unaong'oka. Kishikio cha fimbo kilitoka na skrubu zake zote, kikaruka ubao wa nyuma pamoja na fimbo na rili. Vyote vyangu. Binamu alibaki na glovu mkononi.

Kanuni ni kwamba breki iachie mshipi kwa robo hadi theluthi ya nguvu yake. Mshipi wa kilo 24 uachie kwenye kilo 6 hadi 8. Wa kilo 15, kwenye kilo 4 hadi 5. Huhitaji mizani, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja.

Fanya hivi usiku wa kabla ya safari. Chukua dumu la lita kumi, tia lita sita za maji. Funga fimbo kwenye ukingo wa baraza au dirisha, rili ikitazama chini, na mshipi utoke moja kwa moja kwenye rili bila kupita kwenye pete za fimbo. Funga dumu, liachie lining'inie taratibu. Likishuka lenyewe, kaza kidogo. Likikaa kimya kabisa hata ukiligusa, legeza. Unataka likae, lakini ukilisukuma chini kwa kidole liteleze polepole, bila kushtukashtuka. Likiteleza kwa vishindo, visahani vya breki ndani ya rili vimechoka au vina chumvi, na hiyo rili isipande boti. Breki ikishakaa sawa, weka alama ya rangi ya kucha pale mkono wa breki ulipo. Kwa ile ndogo ya kurushia rudia kwa lita nne.

Na ukiwa baharini kumbuka hili: samaki anapochukua mshipi, ngoma ya rili inapungua unene, na ngoma ikipungua unene breki inakuwa ngumu bila wewe kuigusa. Unene ukibaki nusu, uzito wa breki unakuwa maradufu. Kwa hiyo nguru akishachukua mita mia mbili, mkono wako utakuambia kaza, nawe legeza kidogo.

Hatua ya 5: Waya na ncha ya mshipi

Nguru na mzia hukata nailoni kama mkasi. Tia waya mbele ya chambo, shibiri moja na nusu inatosha. Ukiweka waya mrefu, chambo kinaogelea kama mgonjwa na samaki hawakiamini. Nyuma ya waya weka nailoni nene zaidi, pima mbili, ya ratili 80 hadi 100, na katikati kile kichuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote.

Ukimlenga sulisuli kwa chambo cha samaki, acha waya. Tumia nailoni nene peke yake na ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani. Hiyo humshika pembeni mwa mdomo badala ya tumboni, nawe unaweza kumwachia akiwa hai. Sulisuli huku tunamwachia.

Fundo lolote unalolijua vizuri ni bora kuliko fundo zuri uliloliona jana. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu hujichoma kwa msuguano.

Hatua ya 6: Chambo

Chambo bandia sita tu. Viwili ni samaki wa plastiki wenye ulimi mbele unaowazamisha. Viwili vya manyoya. Kimoja ngisi wa plastiki. Na kipande cha chuma cha gramu 40 hadi 60 cha kurusha pale membe, ndege wa baharini, wanapoanza kupiga maji juu ya sehewa. Rangi zitakuchanganya dukani. Chukua kimoja cheusi na zambarau, kimoja chekundu na cheupe, vingine vyenye mgongo wa buluu kama kibua. Ukipata chuchunge wabichi kwa wavuvi, hawapitwi na plastiki yoyote.

Zile ndoana za miguu mitatu zilizokuja na samaki wa plastiki zitoe, weka ndoana moja moja. Nguru akirukaruka kwenye sakafu ya boti ndogo, ndoana ya miguu mitatu haichagui mguu wa nani.

Mishipi miwili majini, si zaidi ya mitatu. Mmoja mita 20 nyuma, mwingine 40, mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) tano hadi saba, na nahodha akate kona kwa upana.

Hatua ya 7: Vidogo unavyosahau

Koleo refu la kutolea ndoana, lisiloshika kutu. Glovu. Kulabu fupi. Rungu. Kamba ya kufungia kila fimbo kwenye boti. Mimi sijapanda bila hiyo tangu siku ya binamu. Barafu zaidi ya unayodhani utahitaji, kwa sababu kwa joto hili samaki wa saa mbili asubuhi hafiki saa sita.

Hatua ya 8: Ukirudi

Suuza rili na fimbo kwa maji baridi yanayotiririka polepole. Usizipige kwa mpira wa presha, unaingiza chumvi ndani. Futa, kisha legeza breki kabisa kabla ya kuhifadhi, la sivyo visahani vitagandana na msimu ujao dumu litashuka kwa vishindo. Kata pima mbili za mwanzo za mshipi, pale paliposuguliwa na meno na mwamba. Vipande hivyo vitie kwenye chupa yenye kifuniko, kwa sababu kasa wa hapa hunaswa navyo shingoni na mapezini, nasi ndio tunaokutana nao asubuhi.