Jinsi ya Kuunda Boksi Imara la Spika ya Besi kwa Muziki wa Jukwaani

Boksi la spika la jukwaani husukumwa na besi kutoka ndani na kugongwagongwa na safari kutoka nje, kwa hiyo ni lazima liwe gumu, lisivuje hewa na libebeke bila taabu. Mwongozo huu unaeleza uundaji wa boksi lenye matundu ya hewa kwa spika moja ya inchi 15, lenye ujazo wa takriban lita 100 na lililopangwa ili hewa yake ivume kwa masafa ya hezi 45 (mitetemo 45 kwa sekunde). Kabla ya kukata chochote, soma karatasi ya vipimo iliyokuja na spika yako. Ikiwa mtengenezaji anapendekeza ujazo au masafa mengine, mfuate yeye.

Hatua ya 1: Kuchagua mbao

Tumia plaiwudi ya milimita 18, na uikague kingoni kabla ya kuinunua. Unatafuta tabaka nyingi nyembamba zilizoshikana bila mapengo, kwa sababu pengo dogo lililofichika katikati ya ubao huja kulia kila besi inapopigwa, na huwezi kulifikia tena. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, hutoa sauti nzuri, lakini ni nzito, huvimba ikiloa, na skrubu hung'oka kirahisi kwenye kingo zake. Kwa kazi ya jukwaani siipendekezi.

Hatua ya 2: Kukata

Kata mbao mbili za ubavuni zenye urefu wa sentimita 70 na kina cha sentimita 48, mbili za juu na chini zenye sentimita 41.4 kwa 48, kisha ya mbele na ya nyuma, kila moja sentimita 41.4 kwa 66.4. Ubao wa mbele utakaa ndani kwa sentimita 3 kutoka ukingoni ili wavu wa chuma upate nafasi. Kwa mpangilio huo, uwazi wa ndani ni karibu lita 114. Ukiondoa nafasi inayochukuliwa na spika, mabomba ya hewa na mihimili, hubaki takriban lita 100.

Hatua ya 3: Matundu ya ubao wa mbele

Toboa matundu haya kabla ya kuunganisha boksi. Tundu la spika ya inchi 15 aghalabu huwa na kipenyo cha karibu sentimita 35, lakini pima yako. Chini yake weka mabomba mawili ya plastiki yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 16 kila moja, ukihesabu pamoja na unene wa ubao. Kwa bolti za spika, gongomea nati zenye meno upande wa nyuma. Skrubu za mbao hulegea kwa mtetemo.

Hatua ya 4: Kuunganisha

Nguvu ya boksi hili hutoka kwenye gundi. Skrubu hubana tu mpaka gundi ikauke. Paka gundi ya mbao kwenye nyuso zote mbili za kiungo, kisha ubane kwa klampu huku ukitazama ukingo: gundi ikichomoza kama uzi mwembamba usiokatika, kiungo kimeshiba, lakini mahali isipochomoza hewa itapita, hivyo fungua na uongeze. Pima mishazari yote miwili kabla gundi haijashika, kwani isipolingana, ubao wa nyuma hautaingia. Gundisha fito nyuma ya ubao wa mbele na mbele ya ubao wa nyuma, ili mbao hizo zipate pa kuegemea.

Kabla ya kufunga nyuma, weka mhimili mmoja kati ya mbavu mbili na mwingine kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, nje kidogo ya katikati. Bisha ubao kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio mrefu wa ngoma, bado unahitaji mhimili.

Hatua ya 5: Vishikio, soketi na rangi

Weka spika kwa muda, lilaze boksi juu ya bomba la mviringo, ulisogeze mpaka litulie, kisha chora alama: hapo ndipo vishikio vinapokaa, kwa sababu sumaku huvuta uzito mbele. Ziba kingo za vishikio na soketi kwa silikoni. Chagua soketi ya Speakon (ya spika, ambayo plagi yake hujifunga ikizungushwa) badala ya jeki, kwani jeki inaweza kugusisha nyaya wakati wa kuchomeka. Piga msasa, paka rangi ngumu tabaka kadhaa, kisha funga pembe za chuma na miguu ya mpira.

Hatua ya 6: Kufunga spika na kupima

Bandika sponji nyembamba ndani ya boksi, nyuma, juu na ubavuni, mbali na mabomba. Funga spika juu ya tepu ya sponji, ukikaza bolti kwa kukingamisha. Kwa sauti ndogo, cheza mlio wa hezi 45 na uangalie koni, ule utando wa spika unaotetema: inapaswa karibu kusimama huku hewa ikivuma mabombani. Koni ikitulia kwenye masafa ya juu zaidi, refusha mabomba. Ikitulia kwenye ya chini zaidi, yafupishe. Pitisha kiganja kwenye viungo vyote kutafuta uvujaji, kisha weka kichujio kwenye amplifaya kikate masafa yaliyo chini ya hezi 40, kwani huko hewa ya boksi haiizuii tena koni, na spika inaweza kuvunjika hata kwa nguvu isiyofika kiwango chake cha wati.