Mwenye kisukari akianza kuhema, usisingizie uzee

Mzee mwenye kisukari akianza kusimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi, watu husema ni umri tu. Huenda si umri. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva, zikiwemo zinazopeleka taarifa ya maumivu kutoka moyoni, kwa hiyo moyo unaweza kukosa damu ya kutosha, hata kupata shambulio, bila kifua kuuma. Kinachojitokeza ni pumzi kukatika, jasho la ghafla, kichefuchefu au uchovu usio na sababu.

Muulize hasa habari za usiku. Siku hizi analalia mito mingapi ili apumue vizuri? Huamka akitafuta hewa, akaketi ukingoni mwa kitanda? Kisha bonyeza muundi wake kwa kidole, juu kidogo ya kifundo, kwa sekunde kadhaa. Shimo likibaki, huenda maji yanajikusanya mwilini kwa kuwa moyo umedhoofika. Mzani nao usiudharau: kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, kwa kawaida hayo ni maji, si mafuta.

Hospitalini ulizia kipimo cha umeme wa moyo na ultrasaundi ya moyo. Beba dawa zake zote, maana pioglitazone, mojawapo ya dawa za kisukari, huweza kuufanya mwili ubaki na maji. (Asiiache kwa uamuzi wake, lakini.) Waangalie na wingi wa damu na figo.

Pumzi ikikatika ghafla ametulia tu, usingoje miadi. Mpeleke kitengo cha dharura saa hiyo hiyo.