Kupasua maji kwa umeme ukiwa Dodoma: mililita 18, miligramu 11

Ukitumia ile lita 22.4 ya kitabuni kwa kila moli (kipimo cha idadi ya molekuli) ya gesi, jaribio hili likifanyika Dodoma litakuonyesha gesi zina tungamo kubwa kuliko maji yaliyopasuka, kana kwamba limezuka tu hewani. Jaribio liko sawa, namba ndiyo ya pwani (usawa wa bahari) tena ya kwenye barafu (nyuzi 0).

Vifaa: sirinji 2 za mililita 20 bila vijiti vya kusukumia, sirinji ya tatu nzima, vipande 2 vya mrija mwembamba wa mpira na vibanio vyake, waya 2 za chuma kisichoshika kutu, betri kubwa za tochi 4, mita ya fundi umeme, bakuli la plastiki. Sufuria ya aluminiamu usiiguse, kostiki soda (sodiamu haidroksaidi) huila.

Maji ya bomba achana nayo. Mengi ya Dodoma yana chumvi, na kloridi ikifika upande chanya huleta klorini badala ya oksijeni. Ukisikia harufu ya jiki, mwaga uanze upya. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, ila soma lebo: ukipewa asidi ya betri kimakosa, ikikutana na kostiki itakurukia usoni.

1. Vaa glavu na miwani. Mimina gramu 4 za kostiki soda ndani ya mililita 200 za maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Acha ipoe.

2. Kunja kila waya kama ndoana, sentimita 1 ya ncha iingie ndani ya mdomo wa sirinji. Sehemu iliyobaki ivishe mpira, la sivyo mapovu yatatorokea nje.

3. Simamisha sirinji ndani ya bakuli, mdomo mpana chini, mrija wa mpira kwenye ncha ya juu. Kwa sirinji ya tatu vuta hewa kupitia mpira wa juu mpaka maji yafike kwenye kibanio, kisha bana. Sifuri ya sirinji iko juu, kwa hiyo gesi iliyo chini yake inasomeka moja kwa moja.

4. Unga waya kwenye betri 3 za mfululizo kupitia mita, ongeza ya 4 mkondo ukiwa chini ya ampea 0.1. Washa dakika 5 ili maji yashibe oksijeni, toa gesi, jaza upya, halafu anza kuhesabu dakika 20.

Utapata takriban mililita 18 za hidrojeni upande hasi na 9 za oksijeni upande chanya.

Sasa hesabu. Ampea 0.1 kwa sekunde 1,200 ni kulombi 120. Gawa kwa 96,485 (kulombi za moli moja ya elektroni), kisha kwa 2 (elektroni kwa kila molekuli ya maji): moli 0.00062 za maji, yaani miligramu 11.2. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kanieneo la hewa ni kilopaskali (kPa) 89 hivi. Ondoa 3.2 za mvuke wa maji kwa nyuzi 25, na moli moja inajaza karibu lita 29. Hidrojeni inakuwa miligramu 1.25, oksijeni 9.93. Jumla 11.2. Kwa 22.4 ungepata 14.5.

MASWALI

Mkuu, nimepima bakuli kwa mizani ya dukani kabla na baada, namba ni ileile. Hiyo si uthibitisho?
Hapana. Mizani ya gramu 1 haioni miligramu 11. Ukileta mizani ya maabara, bakuli wazi wakati wa kiangazi litakauka mara nyingi zaidi ya hapo. Tungamo hapa linahesabiwa kwa gesi.

Nimetumia vijiti vya kaboni vya betri kuukuu. Hidrojeni 18, oksijeni 5, maji yameingia weusi.
Oksijeni yako imeila kaboni ikawa kaboni dayoksaidi, nayo kostiki ikaimeza. Haijapotea, imo ndani ya bakuli. Weka chuma kisichoshika kutu.

Mbona hidrojeni ni mara mbili kwa ujazo, halafu kwa uzito ni asilimia 11 tu?
Ujazo unahesabu molekuli, mizani inahesabu uzito wa kila moja. Katika maji, atomi mbili za hidrojeni ni 2.016, moja ya oksijeni ni 16. Gawa 2.016 kwa 18.015: asilimia 11.2.

Uwiano wangu umetoka 2.1, nirudie?
Bado. Kwanza pima nafasi iliyopo kati ya sifuri na kibanio, huwa na gesi ambayo hujaisoma. Ongeza ujazo huo pande zote mbili, kisha gawa tena. Ikibaki juu ya 2, kagua mpira wa juu wa upande hasi, huenda unaingiza hewa.