Namna ya Kuajiri Wanawake na Kudumu Nao Kazini: Mwongozo kwa Mwajiri wa Arusha na Moshi

Mwajiri anayetaka wanawake waongezeke katika hoteli, karakana au shamba lake la maua kwa kawaida huanza kwa kutangaza nafasi za kazi. Mimi ninamshauri aanze na daftari la waliokwisha kuondoka. Ayaorodheshe majina ya wanawake wote walioacha kazi katika miaka 3 iliyopita, kisha kando ya kila jina aandike zamu yake, mahali alipoishi, na kama alikuwa na mtoto mchanga. Nilipokuwa msimamizi wa zamu katika chumba cha kupakia maua upande wa Usa River, tulifanya hivyo baada ya kulalamika kwa muda mrefu kwamba wanawake hawadumu, tukagundua kwamba wengi wao kazi walikuwa wanaiweza vizuri; kilichowashinda ni kuripoti saa 12 asubuhi huku wameacha nyumbani mtoto wa miezi 4. Mwanauchumi Claudia Goldin, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023, alichambua kumbukumbu za Marekani za zaidi ya miaka 200 na kuonyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya tofauti ya kipato kati ya mwanamume na mwanamke wenye kazi inayofanana hujitokeza baada ya kuzaliwa mtoto wa kwanza. Daftari litamwonyesha mwajiri jambo hilo kwa majina ya watu anaowafahamu.

Baada ya daftari, itazamwe ratiba. Mama anayeishi Ngaramtoni na kutakiwa Njiro saa 12 asubuhi hulazimika kutoka gizani kuvizia kifodi, yaani basi dogo la abiria, cha kwanza, na kikichelewa, hukatwa mshahara kwa kosa lisilo lake. Zamu ikisogezwa mbele hata kwa saa 1, na ratiba ikibandikwa wiki 2 kabla, mzazi hupata nafasi ya kupanga malezi. Kwa zamu za usiku, gari la kazini limfikishe mfanyakazi hadi karibu na kwake badala ya kumshusha barabara kuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inaagiza nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na inakataza mjamzito kupangiwa zamu hiyo katika miezi 2 kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Katazo hilo humhusu pia aliyejifungua, kwa miezi 2 inayofuata.

Jambo la mtoto ndilo linalohitaji kazi kubwa zaidi, na ndilo ambalo waajiri wengi hulimaliza kwa kutoa likizo tu. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja, na mfanyakazi anatakiwa kutoa taarifa angalau miezi 3 kabla. Miezi hiyo itumike kumwandaa mtu wa kushika nafasi kwa muda, kwa mkataba unaotaja wazi kwamba mwenye nafasi atarudi, kwa kuwa ana haki ya kurudi kwa masharti yaleyale. Akirudi, sheria inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ninawasihi waajiri waitazame haki hiyo kwa makini, kwa sababu saa 2 za karatasini hazimsaidii mama ambaye nyumbani kwake ni mwendo wa dakika 50 kwenda na dakika 50 kurudi. Zipo njia 3 zinazofaa: mama aingie kazini saa 1 baadaye na kutoka saa 1 mapema, au kiwepo chumba safi chenye kufuli, kiti, maji na jokofu, ambamo anaweza kukamua maziwa na kuyahifadhi, au mtoto aletwe karibu naye.

Njia hii ya tatu ni ghali kwa mwajiri mdogo peke yake, lakini hoteli 4 au 5 za mtaa mmoja, au mashamba yanayopakana, yanaweza kuchangia kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo mchana. Kituo huhitaji kibali, na mahali pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Faida yake imeonekana kwingine: jimbo la Quebec nchini Kanada lilipoanza, mwaka 1997, kutoa malezi ya mchana kwa dola 5 tu kwa siku, kina mama wengi zaidi waliingia kazini. Wakati kituo hakijapatikana, mzigo hubebwa na dada wa kazi, na hapa sina budi kusema kwamba naye ni mfanyakazi kamili mwenye haki ya mkataba, kima cha chini cha mshahara na mapumziko. Hatuwezi kumwinua mwanamke mmoja kwa kumkandamiza mwingine.

Katika usaili, maswali ya ndoa na mimba yaachwe kabisa, kwani sheria hiyohiyo ya ajira inakataza ubaguzi wa aina hiyo hata kwa mwombaji wa kazi. Mafundi wa kike watafutwe walipo, katika Chuo cha Ufundi Arusha na VETA Moshi. Kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro zinazotaka wapagazi wanawake, yaani wagumu wa kike, ziwapatie hema lao na utaratibu wa choo kabla ya safari ya kwanza.

Malipo yapangwe kwa kazi yenyewe, kwa maandishi, kwa sababu mwajiri anawajibika kulipa sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Malalamiko ya udhalilishaji yapokelewe na watu 2, mmoja wao akiwa mwanamke, wala wasiwe wapangaji wa zamu. Anayedai ngono ili atoe ajira au cheo anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, hivyo shauri lake lipelekwe TAKUKURU, lisimalizwe kwa kumhamishia idara nyingine.

Mwisho, akina baba. Sheria ya ajira inawapa siku 3 za likizo mtoto anapozaliwa, na mwajiri yuko huru kuongeza. Aongeze, na ruhusa ya kubadilisha zamu kwa ajili ya kliniki iwe ya wazazi wote, ili mtoto anapopata homa usiku, mke na mume wajadili ni nani atakayebaki naye kesho.