Mbuzi Yupi Anahitaji Dawa ya Minyoo?

Mvua za Machi zikianza, maduka ya agroveti kutoka Ongata Rongai hadi Kitengela, kusini mwa Nairobi, hujaa wafugaji wanaotafuta dawa ya minyoo. Desturi ni ile ile: chupa moja, mbuzi wote, kuanzia beberu hadi mtoto aliyeachishwa kunyonya juzi. Tuiache desturi hiyo. Katika kundi lolote la mbuzi au kondoo, wachache ndio hubeba sehemu kubwa ya minyoo. Ukiwanywesha wote, umelipia dawa isiyohitajika, tena umeifundisha minyoo kuishi nayo.

Anayeua zaidi huku kwetu ni Haemonchus contortus, mnyoo mwembamba wa tumbo la nne, wa urefu wa sentimita 1 hadi 3. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Kila mnyoo hunyonya takriban mililita 0.05 za damu kwa siku, kwa hiyo mbuzi mwenye minyoo 1,000 hupoteza kama mililita 50 kila siku inayopita. Wafugaji wengi husubiri kuona mbuzi akiharisha ndipo washtuke, na hapo ndipo mnyoo huyu anawapiga chenga, kwa sababu mara nyingi mbuzi haharishi. Mbuzi hubaki nyuma ya wenzake njiani, manyoya yanasimama, na uvimbe laini unatokea chini ya taya. Ukiuona uvimbe huo, umeshachelewa kidogo.

Basi anza na jicho. Bonyeza kope la juu taratibu kwa kidole gumba, vuta la chini, utazame utando wa ndani ukiwa kwenye mwanga wa mchana, si ndani ya zizi. Wekundu wa damu ni heri. Waridi uliofifia ni onyo, na weupe ni dharura. Wafugaji wa Afrika Kusini walitengenezewa kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, yenye alama 1 hadi 5, na daktari wa mifugo anaweza kukufundisha kuitumia. Wa 1 na 2 waache. Wa 4 na 5 wanyweshe leo. Wa 3 mimi humnywesha akiwa mbuzi, hasa akiwa na mimba, ananyonyesha au bado mdogo. Kondoo mnene mwenye 3 anaweza kungoja ukaguzi unaofuata. Wakati wa mvua kagua kila wiki mbili. Lakini weupe wa jicho maana yake ni upungufu wa damu tu, na kupe, minyoo ya ini na ndorobo huleta hali hiyo hiyo. Mbuzi akinywa dawa na jicho lisibadilike, tafuta sababu nyingine kabla ya kurudi dukani.

Huko dukani, soma kibandiko. Majina ya biashara ni mengi, dawa zenyewe ni chache. Ukibadilisha chupa ya albendazoli kwa ya fenbendazoli hujabadilisha kitu. Ni ukoo mmoja. Levamisoli ni ukoo mwingine, na ivermektini mwingine. Kisha kadiria uzito kwa mzani au mkanda, usiotee kwa macho, maana dozi pungufu ndiyo shule ya usugu. Mwili wa mbuzi huvunja dawa haraka kuliko wa kondoo, ndiyo maana madaktari wengi humwongezea dozi. Kiasi gani, muulize daktari mwenyewe, si muuzaji, kwani levamisoli ikizidi inaua. Mbuzi aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba asipewe albendazoli. Na zile siku za kutouza maziwa wala nyama zilizoandikwa kwenye chupa zihesabu kweli.

Ukishuku dawa imeshindwa, kuna njia ya kujua. Peleka kinyesi maabara mayai ya minyoo yahesabiwe siku ya kunywesha, kisha tena baada ya siku 10 hadi 14. Mayai yakipungua chini ya asilimia 95, una minyoo sugu. Kabete kuna maabara za serikali za mifugo na kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Gharama ya kipimo ni ndogo ukilinganisha na mbuzi mmoja aliyekufa.

Malishoni, watoto wa minyoo hupanda majani yakiwa na umande, na wengi hawapiti sentimita 5 kutoka ardhini. Toa mbuzi umande ukishakauka, na usiwaache wakwangue nyasi hadi udongoni, jambo ambalo mbuzi wa kando ya barabara za Lang'ata hulifanya kila siku. Vichaka ni salama zaidi. Ushauri wa zamani wa kunywesha wote kisha kuhamia malisho mapya siuungi mkono tena: unabeba minyoo sugu peke yake hadi shamba safi.

Wanaochunga ng'ambo ya Mto Mbagathi, upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi usio na uzio, huwalaumu pundamilia kwa kuleta minyoo. Si haki. Pundamilia ana minyoo yake, ambayo mingi haiishi ndani ya mbuzi, na akila nyasi humeza ya mbuzi ikafia tumboni mwake. Punda hufanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo kumchunga baada ya mbuzi kuna faida. Swala ndio wanaoweza kushiriki Haemonchus na mbuzi wako, na mbuzi wako huwaambukiza vilevile.

Kisha kuna mbwa wa boma. Mbuzi anayezunguka mduara huku ameinamisha kichwa huenda ana kifuko cha tegu katika ubongo. Wengi humchinja na kumtupia mbwa kichwa. Mbwa huyo, au mbweha atakayepita usiku, hupata tegu na kuyamwaga mayai malishoni. Vivyo hivyo mapafu na ini lenye vifuko vya maji, ila hayo mayai huweza kumwingia hata mtoto anayecheza na mbwa. Vichome, au vizike kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Mbwa apewe prazikwanteli kila wiki 6, afungwe siku mbili baada ya dawa, na kinyesi chake cha siku hizo kizikwe.